Udhaifu wa kunyima huduma katika maktaba za kuchakata picha

Udhaifu wa kunyima huduma katika maktaba za kuchakata picha ni kasoro ya programu inayomwezesha mtu kuisimamisha huduma ya kompyuta kwa kuipelekea faili moja ya picha iliyotengenezwa kwa hila. Faili hiyo haiibi nywila wala haifuti data. Kazi yake ni kuifanya programu inayoifungua imalize kumbukumbu yote ya kompyuta, iishughulishe prosesa bila kikomo, isubiri kitu kisichokuja, au izimike ghafla. Wanaoumia ni watumiaji wengine wa huduma hiyo: ukurasa haufunguki, picha zao hazipakiki, au simu inawaka na kuzima yenyewe.

Aina hii ni tofauti na shambulio la kunyima huduma linalojulikana zaidi, ambapo maelfu ya kompyuta huielekea seva moja kwa wakati mmoja. Hapa hapahitajiki jeshi. Mtu mmoja mwenye intaneti ya simu na faili ya kilobaiti chache anaweza kutosha, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na mashine ya anayeshambuliwa.

Maktaba za picha

Maktaba ya programu ni mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu nyingine huutumia badala ya kuanza upya. Mtu anayetengeneza tovuti ya matangazo ya nyumba za kupanga haandiki mwenyewe njia ya kusoma picha za JPEG, anatumia maktaba. Miongoni mwa zinazotumika sana ni libpng kwa picha za PNG, libjpeg-turbo kwa JPEG, libtiff kwa TIFF, libwebp kwa WebP na librsvg kwa SVG. Nyingine hushughulikia aina nyingi kwa pamoja, kama vile ImageMagick, GD ambayo huja na lugha ya PHP, na Pillow ya lugha ya Python.

Kwa kuwa maktaba moja hukaa ndani ya vivinjari, simu, seva, printa na programu za barua pepe, kasoro yake husafiri pamoja nayo. Mara nyingi mwenye tovuti hajui hata kwamba anaitumia, kwani iliingia kama sehemu ya maktaba nyingine.

Jambo jingine linaloziweka maktaba hizi hatarini ni kwamba hufanya kazi bila kuombwa waziwazi. Mtumiaji akipakia picha yake ya utambulisho, seva huisimbua mara moja, yaani hugeuza baiti za faili kuwa pikseli, ili itengeneze picha ndogo ya kuonyesha. Hakuna mtu anayeikagua kabla. Programu inapokea faili kutoka kwa mgeni kabisa na kuanza kuifanyia kazi.

Vipimo vinavyotangazwa na faili

Karibu kila faili ya picha huanza na maelezo mafupi yanayotaja upana na urefu wa picha. Katika PNG, kila kipimo huandikwa kwa baiti nne, na kikomo chake ni 2,147,483,647. Katika JPEG na GIF kila kipimo huandikwa kwa baiti mbili, hivyo kikomo ni 65,535. Maktaba husoma namba hizo kwanza, huzidisha upana kwa urefu, kisha huomba kumbukumbu ya kutosha kuweka pikseli zote.

Tatizo ni kwamba namba hizo ni madai tu. Hakuna kinachoilazimisha faili kuwa na data inayolingana nayo. Ni kama mpishi aliyeletewa ujumbe kwamba wanakuja wageni elfu nne, akakodi masufuria, akachinja na kuwasha moto, halafu akatokea mtu mmoja. Gharama imeshaingia kabla ya ukweli kujulikana.

Mfano unaotajwa sana ni ule ulioripotiwa kwa HackerOne, kampuni inayopokea taarifa za kasoro za usalama. Mtafiti alichukua picha ya JPEG ya kilobaiti 5 yenye upana na urefu wa pikseli 260, akabadilisha baiti chache tu za vipimo ili zisomeke 64,250 kwa 64,250. Sehemu nyingine ya faili aliiacha kama ilivyo. Programu iliyotengeneza picha ndogo iliamini namba hiyo na kujaribu kuandaa nafasi ya pikseli 4,128,062,500. Kwa baiti tatu za rangi kwa kila pikseli, hizo ni gigabaiti 12.4. Kwa kulinganisha, picha ya kawaida ya simu yenye pikseli milioni 12 huhitaji takriban megabaiti 36 inaposimbuliwa.

Maktaba za JPEG huwa na uvumilivu unaolisaidia shambulio hili. Data ikiisha kabla picha haijakamilika, libjpeg hutoa onyo na kuendelea, ikijaza sehemu iliyobaki kwa rangi ya kijivu. Msomaji aliyewahi kufungua picha iliyokatika njiani, nusu ya chini ikiwa ya kijivu, ameuona uvumilivu huo. Ni tabia nzuri kwa mwenye mtandao wa kusuasua, lakini inamaanisha pia kwamba picha karibu tupu inaweza kusimbuliwa hadi mwisho wake wa uongo.

Data iliyobanwa kupita kiasi

Hata faili inayosema kweli kuhusu vipimo vyake inaweza kuwa mtego. PNG hubana data kwa mbinu iitwayo DEFLATE, ileile inayotumika katika faili za ZIP. Mbinu hiyo hufanya vizuri zaidi pale data inapojirudia, na katika hali bora kabisa hubana hadi takriban mara 1,030. Hivyo megabaiti moja ya faili inaweza kufumuka na kuwa karibu gigabaiti moja.

Katika picha hesabu huwa mbaya zaidi. PNG inaruhusu pikseli moja kuandikwa kwa biti moja tu, nyeusi au nyeupe. Picha nyeusi tupu ya pikseli 30,000 kwa 30,000 iliyoandikwa hivyo ina megabaiti 112.5 za data, na DEFLATE inaweza kuibana hadi takriban kilobaiti 110. Lakini programu nyingi, zikishaifungua, hugeuza kila pikseli kuwa baiti nne: tatu za rangi na moja ya kiwango cha kupenya mwanga. Kwa hiyo kilobaiti 110 zilizopokelewa huwa gigabaiti 3.6 ndani ya kumbukumbu, na faili yenyewe ni PNG halali isiyovunja kanuni hata moja. Kikomo cha ukubwa wa faili ambacho tovuti nyingi hukitegemea, kwa mfano megabaiti 5, hakisaidii kitu hapa.

Mwaka 2010 watunzaji wa libpng walitoa marekebisho ya udhaifu uliopewa namba CVE-2010-0205. Safari hii hatari haikuwa katika pikseli. PNG huweza kubeba vipande vya ziada, kama maandishi ya maelezo au taarifa za rangi, navyo pia huweza kubanwa. Kipande kilichojaa herufi moja iliyorudiwa mara nyingi kilichukua nafasi ndogo katika faili lakini kilipofumuliwa kilimaliza kumbukumbu na muda wa prosesa hadi programu ikaganda. Yaani picha yenyewe ingeweza kuwa ndogo na safi, na mzigo ukawa kwenye maelezo ambayo mtazamaji hayaoni.

Kupoteza muda badala ya kumbukumbu

JPEG ina namna ya kuhifadhi picha kwa mapitio kadhaa: pitio la kwanza hutoa sura hafifu, na kila linalofuata huongeza undani. Ilibuniwa kwa ajili ya mitandao ya polepole, ili mtu aone kitu mapema. Kanuni zake hutoa njia ya kusema kwa baiti chache kwamba sehemu kubwa ya picha haibadiliki katika pitio fulani. Mshambuliaji anaweza kuandika faili ndogo yenye mapitio mengi mno, kila moja likigharimu baiti chache, huku msimbuaji akilazimika kuipitia picha nzima upya kila mara. Kumbukumbu haijai; prosesa ndiyo inayochoka.

Suala hili lilijitokeza katika ukaguzi wa usalama wa libjpeg-turbo uliogharamiwa na Mozilla na kutangazwa mwaka 2016. Wakaguzi walilieleza kama tatizo la kiwango chenyewe cha JPEG, si kosa la maktaba, kwa kuwa faili hizo hazikiuki kiwango. Marekebisho ya kweli hayakuwezekana bila kukataa picha halali. Kilichofanyika ni kuwapa watumiaji uwezo wa kuchagua: programu ya djpeg inayokuja na maktaba hiyo ina chaguo la kuweka kikomo cha mapitio.

Mzunguko usio na mwisho

Kuna kasoro ambazo kweli ni makosa ya waandishi wa msimbo. Iliyo rahisi kuieleza ni CVE-2018-5711, iliyorekebishwa katika PHP mnamo Januari 2018. Msimbo wa GD unaosoma GIF huomba data kipande kwa kipande. Data ikikosekana, sehemu inayosoma hurudisha -1, maana yake "imeshindikana". Jibu hilo liliwekwa katika kisanduku cha baiti moja kisichotambua namba hasi, na humo -1 husomeka kuwa 255. Programu iliuliza kama jibu ni sifuri au chini yake ili isimame. Kwa kuwa 255 si chini ya sifuri, iliendelea kuamini kwamba imepata baiti 255 mpya, ikarudi kuomba tena, na tena. Faili fupi ya GIF iliyokatwa mahali panapofaa ilitosha kuifunga prosesa moja ya seva.

Faili za TIFF zina mtego wa namna nyingine. Faili moja inaweza kubeba kurasa kadhaa, na kila ukurasa hutaja mahali ulipo ukurasa unaofuata. Ukurasa wa tatu ukisema kwamba unaofuata ni wa kwanza, programu isiyokumbuka ilikopita itazunguka daima. Maktaba ya libtiff huweka kumbukumbu ya mahali ilipokwisha kupita kwa sababu hiyo.

Kisa cha ajabu zaidi ni CVE-2022-44267 cha ImageMagick. Ndani ya PNG mtafiti aliweka kipande cha maandishi chenye jina "profile". ImageMagick ilichukua thamani yake kuwa jina la faili la kufungua. Thamani hiyo ilikuwa kistari kimoja tu, alama ambayo kwa programu za mstari wa amri humaanisha "soma kutoka kwa mtumiaji". Basi programu ikakaa kimya ikimsubiri mtu aandike kitu kwenye kibodi, ndani ya seva ambayo haina mtu wala kibodi. Haikutumia prosesa wala kumbukumbu ya maana, ila kazi haikuisha. Kasoro iliyotangazwa pamoja nayo, CVE-2022-44268, ilitumia kipande hichohicho kusoma faili za siri za seva, jambo linaloonyesha kwamba mlango unaoonekana wa usumbufu tu unaweza kuwa wa wizi pia.

Picha za michoro na lugha salama

SVG si picha ya pikseli bali maandishi ya XML yanayoeleza mistari, maumbo na rangi. Umbo moja linaweza kujazwa kwa mchoro unaojirudia, na mchoro huo ukajazwa kwa mwingine. Katika CVE-2019-20446, mtu angeweza kupanga michoro ndani ya michoro kiasi kwamba vitu vya kuchorwa viliongezeka kwa kuzidishana katika kila ngazi. Ngazi chache zilitosha kuzaa idadi isiyochoreka. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika librsvg 2.46.2.

Kinachofanya kisa hicho kistahili kutajwa ni kwamba sehemu iliyohusika ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Rust. Lugha hiyo husifiwa, na kwa haki, kwa kuzuia makosa ya kumbukumbu yaliyozisumbua maktaba za lugha ya C kwa miongo. Lakini haizuii programu kufanya kazi halali isiyoisha. Kuhamia lugha salama huondoa kundi moja la kasoro na kuliacha hili karibu kama lilivyokuwa.

Bila mshambuliaji

Si lazima awepo mtu mwenye nia mbaya. Mwaka 2020 picha ya ziwa na milima iliyopigwa Marekani ilisambaa mtandaoni, na simu za Android 10 za baadhi ya makampuni, zikiwemo za Samsung na Google, zilizimika na kuwaka mfululizo mara tu ilipowekwa kuwa picha ya nyuma ya skrini. Picha ilikuwa na mfumo mpana wa rangi usio wa kawaida kwenye simu. Android ilipokokotoa mwangaza wa pikseli, makadirio ya desimali yaliisukuma pikseli moja hadi kuvuka 255, ambayo ndiyo namba ya juu iliyotarajiwa. Programu ikatafuta nafasi isiyokuwepo katika jedwali lake na kuzimika. Simu ikaiwasha tena, nayo ikaikuta picha ileile ikiisubiri. Baadhi ya wenye simu walilazimika kufuta data zao zote ili kuzitumia tena. Aliyeipiga hakuwa na kosa lolote.

Nani aweke kikomo

Swali hili limegawanya maoni kwa muda mrefu. Watunzaji wa maktaba husema kuwa hawawezi kujua ukubwa wa picha unaofaa: daktari anayesoma picha za tishu kutoka kwenye hadubini, au mtaalamu wa picha za satelaiti, huhitaji mabilioni ya pikseli, na kumkatalia ni kumharibia kazi. Waandishi wa programu nao hudhani kwamba maktaba imeshalishughulikia suala hilo. Kila upande ukimwachia mwenzake, kikomo hakiwekwi.

Maktaba kadhaa zimechagua njia ya kati. Kwa mpangilio wake wa kawaida libpng hukataa picha inayozidi pikseli milioni moja kwa upana au urefu, na programu inaweza kushusha au kupandisha kiwango hicho. Bado ni kikomo kilegevu, kwani milioni moja kwa milioni moja ni zaidi ya kompyuta yoyote ya kawaida inavyoweza kubeba. Pillow ni kali zaidi: hutoa onyo picha ikizidi pikseli 89,478,485, na ikifika zaidi ya maradufu ya hapo hukataa kabisa. Namba hiyo ya kwanza inaonekana ya ajabu lakini ina asili nyepesi: ni robo ya gigabaiti moja ikigawanywa kwa baiti tatu za kila pikseli.

ImageMagick hutumia faili ya sera, policy.xml, ambamo msimamizi wa seva huandika mipaka ya kumbukumbu, upana, urefu, diski na muda. Diski imo kwa sababu kumbukumbu ikijaa, ImageMagick huhamishia pikseli kwenye faili ya muda. Bila mpaka huo, shambulio lililoshindwa kumaliza kumbukumbu lingemaliza diski. Katika Debian na Ubuntu sera hiyo imekuja na mipaka kama pikseli 16,000 kwa upana na urefu. MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia za lugha zote, ina mpangilio uitwao $wgMaxImageArea ambao kwa kawaida huzuia kutengeneza picha ndogo kutoka kwa picha inayozidi pikseli milioni 12.5. JPEG huachwa nje ya kizuizi hicho pale ImageMagick inapotumika, kwa kuwa JPEG inaweza kupunguzwa wakati inasimbuliwa bila kwanza kufunguliwa yote.

Mipaka nayo hukwepwa. Faili ya ICO, inayotumika kwa alama ndogo za tovuti, ni kama bahasha yenye picha nyingine ndani, ambayo inaweza kuwa PNG. Bahasha inaweza kutangaza ukubwa mmoja na PNG ya ndani ikatangaza mwingine mkubwa mno. Mwaka 2021 Pillow ilirekebisha kasoro tatu za aina hiyo, moja ya ICO, nyingine ya ICNS na ya tatu ya BLP: ukubwa wa picha ya ndani haukuwa ukikaguliwa ipasavyo.

Ugunduzi na uzito

Kasoro nyingi za aina hii siku hizi hugunduliwa na mashine. Programu ya majaribio huilisha maktaba mamilioni ya faili zilizovurugwa na kuangalia ni ipi inayoizimisha au kuichelewesha. Mwaka 2014 Michał Zalewski, mtengenezaji wa programu ya namna hiyo iitwayo AFL, aliianzisha kwa faili yenye neno moja tu la salamu, "hello", akailekeza kwa djpeg. Baada ya takriban saa sita kwenye kompyuta ya prosesa nane, AFL ilikuwa imebuni JPEG halali ya pikseli 3 kwa 784 bila kuonyeshwa JPEG hata moja. Tangu Desemba 2016 mradi wa OSS-Fuzz wa Google huendesha majaribio kama hayo mfululizo kwa programu huria, zikiwemo libpng na libjpeg-turbo.

Katika mizani ya CVSS inayotumika kupima uzito wa kasoro, kunyima huduma huhesabiwa upande wa upatikanaji peke yake; usiri na uadilifu wa data hubaki sifuri. Kwa hiyo alama zake huwa chini kuliko za kasoro kama CVE-2023-4863 ya libwebp, iliyoandika nje ya eneo la kumbukumbu lililotengwa na ambayo Google ilisema ilikuwa tayari inatumiwa na washambuliaji ilipotangazwa Septemba 2023. Alama hizo hupimwa bila kujua maktaba imewekwa wapi. Programu ya mezani ikiganda, mtu huifunga na kuifungua tena. Maktaba ileile ikiwa kwenye seva ya hospitali inayopokea picha za eksirei, kuganda kwake ni foleni ya wagonjwa.

Wasimamizi wa seva kwa kawaida huchanganya njia kadhaa: kusoma vipimo vya picha kabla ya kuisimbua na kukataa vilivyozidi, kuzima aina za faili zisizohitajika, na kuikabidhi kazi ya kusimbua kwa mchakato wa pembeni wenye kumbukumbu na sekunde zilizohesabiwa. Mchakato huo ukizidisha, mfumo wa uendeshaji huuua, mtumiaji huambiwa picha yake haikukubaliwa, na seva huendelea kuwahudumia wengine.